Stela wa Asali

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimekipata! Kitambulisho! Kadi yenyewe nyepesi, ukipuliza inaruka. Picha mbaya — nimetoa macho kama nimekabwa. Haidhuru. Jina ni langu. Esperansi Nduwayo. Herufi zote zipo, nimezikagua pale pale dirishani mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Tangu nivuke kutoka Burundi kuja kuolewa na Eliasi kule Ulyankulu, kila kitu nimefanya kwa jina la dada yake. Laini ya simu — Stela. Kikundi cha mikopo — Stela. Wao, familia ya Eliasi, walishapewa uraia, mimi nilikuwa bado. Ungefanyaje? Eliasi alipofariki nikahamia hapa Isevya, Tabora mjini, kuuza asali, na wifi Stela akapanda basi mwenyewe kuja kuniwekea alama ya kidole kwenye usajili. Akasema jina langu ni jina lako, wifi, litumie. Nililia siku ile. Nani mwingine angekubali?

Kikundini wananiita Stela wa Asali. Nimezoea hadi mtu akiita Espe njiani sigeuki!

Nimepita kwa Mama Kherunisa, mwenye fremu za maduka karibu na soko. Atanishikia ile ya kona mpaka mwisho wa mwezi. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mkataba uwe kwa jina la anayekaa humo, si la mtu wa Ulyankulu. Kasema asali yangu anaijua, wajukuu wameimaliza, lakini mkataba haulambi asali. Mwanamke huyo! Haya. Hela sina. Ila sasa nina jina. Nitakopa kama mtu.

Alhamisi, 6 Februari

Kikundi, barazani kwa Bertila. Mwenyekiti wetu huyo, Mnyamwezi wa hapa hapa, mdomo hauna kufuli. Kama kawaida majina kwanza. Ukiitwa unasimama, unasema "Nipo, na changu kipo," unaweka rejesho mkekani. Huna rejesho — unabaki umekaa. Hakuna anayekutukana. Wanakuangalia tu, na hilo linatosha.

Miaka sita sijawahi kukaa. Hata ile wiki ya malaria nilisimama nimeshika nguzo.

Baadaye nikamwonyesha Bertila kadi. Kaigeuza geuza. Eti kumbe Mrundi wangu una jina refu hivi, tungekuita lini tukamaliza? Tumecheka. Kasema niende ofisini nikamwone afisa mikopo mpya, Nurdini, anihamishie sifa zangu za kulipa mikopo kutoka jina la Stela kuja langu. Anasema sifa kama zangu hazipo Isevya nzima.

Sifa zangu! Nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 7 Februari

Ngoja niandike kwa mpangilio, la sivyo nitavunja kitu.

Nurdini ni kijana wa heshima, shikamoo mama, karibu kiti. Kaingiza namba ya kitambulisho changu. Hakuna kitu. Kasema mama, kwetu wewe ni mgeni, hujawahi kukopa wala kulipa popote. Nianze na kile kimkopo cha wanaoanza. Hela ya vitumbua!

Nikamweleza. Yote, kama mjinga. Nikampa namba ya Stela, nikasema huyo unayemwona hapo ni mimi.

Akaniuliza kama nina hakika.

Stela ana mkopo mwingine. Mkubwa. Wa peke yake, si wa kikundi — kauchukulia tawi la Urambo mwaka jana. Walimpa bila maswali kwa sababu eti kikundini hapa Tabora alilipa vizuri mno. Alilipa! Nani alilipa? Nani alikula ugali kwa chumvi ili Alhamisi asimame? Kisha karejesha kidogo, akaacha. Tangu Novemba kimya.

Nikauliza kaweka dhamana gani. Stela hana kitu, ana kuku na mashamba ya kukodi.

Nurdini akageuza kompyuta nione. Picha. Stela amesimama, kitenge cha njano, mkono mmoja juu ya pipa la bluu. Nyuma mapipa mengine. Dirisha lenye wavu uliochanika. Chumba changu! Mapipa yangu!

Na picha hiyo nilipiga mimi.

Mimi, kwa mikono hii! Alikuja Agosti kunisalimia. Akanipa simu yake, akasema wifi nipige na asali yako, nikawatambie wa kijijini. Akauliza, "Nisimame wapi?" Nikacheka, nikamweka katikati ya mapipa, nikapangusa vumbi, nikamrekebishia kilemba. Nikamwambia tabasamu, basi! Akatabasamu. Akijua.

Nurdini kanionya kwa sauti ya chini. Yale ya kutumia jina la mtu nisiyaseme ovyo, ni kosa, kikundi kizima kinaweza kufungiwa. Na deni lisipoguswa wiki ijayo watakuja kubeba dhamana. Yaani mapipa.

Sikupika leo.

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka Ulyankulu sasa hivi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nilifika watu wanatoka misa. Kabla ya kuiona nyumba niliona bati. Bati la msauzi, lile la bei kubwa, jekundu, linawaka! Ndilo bati nililolipigia vigelegele Krismasi. Nilicheza chini yake. Nikampongeza shemeji Anakleti, mume wa Stela, kwamba tumbaku imewalipa. Akainamisha uso. Nikadhani ni unyenyekevu — kumbe ni haya! Angalau yeye alikuwa nayo.

Janeti, binti yao, mtoto wangu wa ubatizo, kaniletea maji kwa magoti yote mawili. Shikamoo mama mkubwa. Marahaba mwanangu. Nikashindwa kunywa.

Stela hakukana. Hilo ndilo linaniua. Nilijiandaa kwa uongo, nikakuta mtu anapepeta mchele.

Kasema, "Kwani jina lilikuwa la nani?"

Nikamwambia jina lako, jasho langu. Akasema alinikopesha jina miaka sita na hakunidai riba, hata chupa moja ya asali hakuomba, nilimpa kwa hiari yangu. Nyumba ilikuwa inavuja. Kaka yake alipokufa nilihama na asali nikaiacha familia na makuti. Kila Alhamisi simu yake mwenyewe, maana ofisini iliandikwa namba yake, ilikuwa inapokea ujumbe, "Stela, asante kwa kulipa kwa wakati," na yeye hajawahi hata siku moja kulipa kitu kwa wakati. Siku moja akajiuliza, mbona mtu huyu mwema ni mimi?

Nina majibu sasa, mia moja, nimeyapata yote ndani ya basi!

Halafu, sikiliza. Akaacha ungo, akanishika mkono. Sasa una kitambulisho, wifi. Kopa kwa jina lako, ulilipe hili deni pole pole, wewe unajua kulipa. Tutaelewana tu, sisi ni ndugu.

Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Jina langu halijamaliza wiki. Halijabeba hata ndoo ya asali. Anataka mzigo wake wa kwanza uwe bati lake!

Nikaondoka bila kuaga. Anakleti alinisindikiza mpaka stendi. Kikulacho ki nguoni mwako — nimeisikia tangu nije nchi hii, nikidhani inahusu chawa.

Jumatano, 12 Februari

Bertila kaja jioni, kajua. Kaleta karanga za kuchemsha, yaani jambo zito.

Ushauri wake: nibaki Stela. Kesho akiita nisimame kama siku zote, nikubali deni mbele ya Nurdini, nipangiwe upya malipo, mapipa yabaki. Mambo ya mawifi yamalizwe nyumbani. Nikikaa nimejikana. Hisa zangu zote kikundini zimeandikwa Stela, akiba yote Stela — nikisema mimi siye, basi si zangu tena. Miaka sita! Na nikisimama? Nitakuwa Stela mpaka bati lile lipate kutu.

Nikamuuliza, wewe Bertila, unajua ni nani aliyekuwa anasimama. Utasema?

Kamenya karanga. Kasema ana wanawake ishirini wa kuangalia.

Mama Kherunisa kapiga simu, ikaita kwa laini ya Stela. Sikupokea.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekaa.

Bertila aliita, "Stela Sixbert." Miguu ilitaka kwenda yenyewe, wallahi, magoti yalishaanza kukunjuka. Nikajishika kwenye mkeka kwa vidole. Akaita tena. Wanawake wakageuka wote, yale macho. Nurdini kwenye kiti cha plastiki, kalamu juu.

Mara ya tatu nikasema Stela hayupo. Stela yuko Ulyankulu, anapepeta mchele. Mimi ni Esperansi Nduwayo, nimekuja na rejesho la Esperansi, nani atalipokea?

Hakuna aliyelipokea. Hakuna sehemu ya kuliandika.

Kuna aliyecheka, sijui nani. Kuna aliyesema Warundi hawa. Mwanamke niliyemuuguza uzazi, huyo huyo! Bertila akaangalia mkeka. Nikajua alichochagua, na sikumlaumu, na nimemlaumu.

Nikamwambia Nurdini mapipa ni yangu. Akauliza ushahidi. Leseni ya biashara — Stela. Risiti za kununulia mapipa — Stela. Simu ninayouzia — Stela. Akasema mama, mimi nakuamini, lakini nikirudi ofisini na imani yangu watanifukuza. Kesho asubuhi anakuja na pikapu. Kampigia Stela aje kuthibitisha mali yake.

Mali yake!

Nimerudi njia ndefu. Nimepita dukani, nimesajili laini. Kidole changu, jina langu. Hela ya laini niliitoa kwenye lile rejesho lililokosa mwenyewe. Kijana wa dukani kauliza nani wa kumpigia kujaribu. Nikafikiria. Namba ninazozijua kwa kichwa ni mbili, ya marehemu na ya Stela. Nikampigia Mama Kherunisa, namba yake imeandikwa juu ya fremu, inaonekana toka pale. Nikamwambia huyu ni Esperansi. Kasema Esperansi gani? Nikasema wa asali. Aah. Fremu bado ipo, ila Bhagwanji wa vitambaa naye kaiulizia.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi. Nimejifungia ndani na mapipa. Nimekalia moja, naandika juu ya goti. Mlango una kufuli moja tu na ufunguo ninao mimi.

Pikapu imefika. Nasikia Nurdini, nasikia Bertila anasalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, kwa sauti ya msibani. Na Stela. Kaja kwa basi la kwanza. Kabisha hodi mara tatu. Kwanza "wifi". Halafu "mama wa ubatizo wa Janeti", ujanja huo. Sasa anaita Esperansi. Katika maisha yetu yote hajawahi kuniita hivyo, na analitamka vizuri.

Sijibu.

Kupitia wavu uliochanika naona kitenge cha njano. Kile kile! Labda ndicho pekee alicho nacho. Labda hakufikiria. Bado kuna sehemu ndani yangu inamtafutia sababu, niikate wapi?

Nurdini anamwuliza. Ninasikia kila neno. Mama Stela, nijibu mbele ya mashahidi. Mali iliyomo humu ndani ni yako, au ni ya huyu mama? Akisema ni yangu, basi alidanganya Urambo, na hilo lina polisi. Akisema ni yake, deni linapungua, bati linabaki.

Bertila kakohoa. Kuku wa jirani anapita katikati yao.

Nimesimama. Nimeweka sikio mlangoni, na niseme ukweli — namwombea. Si mapipa. Yeye. Sema, wifi. Neno moja tu.

Nurdini anasema sawa mama, nimeona umeitikia kwa kichwa, basi kabla ya kupakia nahitaji picha mpya, wewe pamoja na mali.

Na Stela, kwa sauti ndogo, ile ile ya Agosti:

"Nisimame wapi?"