Kiti cha Nyuma cha Mashua ya Baba

Oslo, 5 Julai 1986

Dada Rávdná,

Amani ya Mungu iwe nyumbani kwenu. Sisi huku wazima, mvua tu. Kifua cha Baba kinaendeleaje?

Nimefika salama, ila yule samaki, yule samoni tuliyempoteza, hanitoki kichwani. Kilo ishirini, dada, pengine zaidi. Nilikwambia piga makasia mbele, wewe ukaelekea ukingoni kama mtu anayekimbilia choo. Mshipi ukakatikia chini ya mashua. Mwezi ujao nakuja na mpiga makasia wa kiume. Na nimemwandikia Baba: mashua aniachie mimi. Wewe unalo jiko lako.

Ni mimi mdogo wako,
Jovsset

Deatnu, 14 Julai

Mdogo wangu Jovsset,

Salamu zimefika. Mungu akuzidishie afya, maana akili ameshakupimia. Baba anakohoa, lakini aliposomewa barua yako alicheka mpaka akaomba maji.

Hapa mtoni Deatnu samaki akinasa, mwenye makasia ndiye mwenye amri. Mwenye fimbo ya kuvulia, kwenye kiti cha nyuma, hufunga mdomo. Wewe ulisimama ukatoa amri ulizosoma magazetini. Mashua ikiwa upande wa juu wa mto kuliko samaki, mkondo unamsaidia yeye. Ikiwa upande wa chini, anapigana nawe na mto pia. Ndiyo maana nilishuka naye kwa mshazari, polepole, kuyatafuta maji tulivu penye kokoto. Ukalinyakua kasia langu, tukageuka, akapita chini ya mashua. Njia ulimfungulia mwenyewe.

Mlete huyo dume wako. Mimi nitakaa ukingoni na Baba nifume soksi.

Dada yako,
Rávdná

Deatnu, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Amani ya Mungu. Uliondoka bila kuaga, kahawa ikapoa mezani, basi nauliza kwa barua: nguo zilikauka? Ulipomwambia mwenzio "mbele", alitii. Mtu mtiifu kweli. Samaki akaingia kwenye maporomoko, naye akamfuata, mkaishia majini hadi kifuani, watu wa ng'ambo wakiwatazama. Nilimshukuru Mungu mko hai, kisha nikacheka. Kicheko hicho nimekiombea toba.

Jana Baba alitaka kutoka, nikampeleka. Alishika fimbo, mimi makasia. Akanasa mkubwa. Unajua Baba amepiga makasia mto huu tangu hatujazaliwa, na hakunifundisha lolote jana. Hakutamka neno. Nilishuka na samaki, nikabaki upande wa chini wa mto, nikimvuta upande wa ukingo hadi mashua ikagusa kokoto. Hapo ndipo Baba alisema, "Kulabu." Tulipomtoa nchi kavu, akakaa juu ya jiwe akihema, akasema, "Mashua ni yako, Rávdná."

Nakutumia kipande cha mkia, nimekikausha kwa moshi. Usimpe yule mtiifu.

Kiti cha nyuma sijakigawa. Kiangazi kijacho njoo ukikalie. Baba alikaa hapo akanyamaza, na hakufa.

Dada yako,
Rávdná