Mgeni Aliyekosea kwa Makusudi

Marloes, soma hii ukiwa peke yako, kisha uifute.

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Unavijua vikao vyao vya mji huu wa Veldhoven: viti vimepangwa duara, keki kipande kimoja kwa kila mtu, na kila anayeingia huwapa wote mkono wa hongera. Pembeni yangu alikaa bwana mpole mwenye miwani.

Akasema, "Nasikia mashine za kampuni yenu, zile za kuchora chipu za kompyuta kwa mwanga, hupoza vioo vyake kwa maji matupu."

Maji matupu! Nikamsahihisha. Marloes, NIKAMSAHIHISHA. Nikamtajia gesi yenyewe na kiwango chake, mambo niliyotia saini kwamba sitamwambia hata mume wangu.

Akatabasamu. "Ahsante, mwalimu. Kumbe nilikosea."

Alipoondoka nikamuuliza mama mkwe, "Yule rafiki yako anaitwa nani?"

"Rafiki yangu? Mwanangu wee, si mwenzako wa kazini? Mbona amenipongeza kwa kupata mkwe hodari!"

Katika duara zima hakuna aliyemwalika. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwingine.

Kesho lazima niwaambie watu wa usalama pale kampuni, na najua kazi sina tena. Kama ni kazi tu nitakayoipoteza.

Ngoja. Namba nisiyoijua imeniandikia sasa hivi: "Basi vioo hivyo viko vinne, sivyo?"

Si vinne. Marloes, naogopa: kidole changu kimeshaanza kuandika jibu.