Baba, Bunduki Yako ya Upepo Imepata Pumzi

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike pale Rutamba sijawahi kukuandikia. Nilidhani dua zinatosha, na dua sijaacha kukuombea. Lakini kuna habari haikai vizuri ndani ya dua, inataka kusimuliwa na kuchekewa. Bunduki yako ya upepo inapiga tena.

Najua ungenikatiza hapo hapo: "Rehema, acha uongo." Basi nisikilize.

Unalikumbuka shamba la bondeni, mahindi yakianza kutoa ndevu na ngedere wakishuka kwa makundi. Wenzako walitega mitego. Wewe ulitundika debe kwenye mti ukingoni mwa shamba, ukapanda dunguni, kwenye kile kichanja chako cha kulindia, na ile bunduki uliyorithi kwa babu, ukawa unalipiga debe. Mlio wake uliwatawanya ngedere wote. Siku moja nilikuuliza kwa nini huwapigi wenyewe. Ukasema, "Wamebeba watoto. Nikimshinda mama mwenye mtoto, nitajisifu kwa nani?"

Halafu ukaja ule msimu wako wa mwisho. Ulikunja mtutu, ukatia kirisasi, ukalenga, ukafyatua. Ikasikika *pfu*, kama mtu anayepuliza uji wa moto, na kirisasi kikaanguka katikati ya mahindi. Dume la ngedere likakutazama, likaendelea kumenya hindi lake. Mama alicheka mpaka akakaa chini, nawe ukacheka zaidi yake. "Imezeeka," ukasema. "Tuiache ipumzike." Ukaifunga kwenye gunia, ukaipandisha darini.

Ulipoondoka, Mama alibaki na shamba lile. Akawa analigonga debe kwa mkono wake, akizunguka ukingo mzima wa shamba kwa miguu. Mwaka huu goti likamvimba. Mjomba Hamisi, yule kaka yake wa Lindi mjini, akaja kumwona, akasema, "Dada, mavuno yakiisha unahamia kwangu. Shamba liache." Alisema kwa mapenzi, simlaumu. Ila nilipokuja likizo kutoka Kilwa Masoko, tukiwa tunachuma kisamvu, akaniambia, "Mwanangu, mjini nitakaa kwenye kochi nitazame tamthilia. Mpaka lini?"

Siku hiyo hiyo nikapanda darini. Kibali cha bunduki Mama alikwishakihamishia jina lake polisi, kwa hiyo hapo hatukuwa na shaka. Shaka ilikuwa kwangu. Mimi ni fundi cherehani, Baba. Bunduki naijulia wapi?

Lakini pampu ya baiskeli naijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Ile ngozi ya ndani ikikauka, unasukuma mpaka unatoka jasho na tairi halijai, maana upepo unapita pembeni. Nikajiambia, bunduki hii nayo ni pampu, tofauti yake ni kwamba springi ndiyo inayosukuma.

Nikaanzia pale mtutu unapokunjwa, penye kile kijipete cha ngozi kinachoziba maungio. Nikatia kirisasi, kwa kuwa ulinikataza kuifyatua tupu, nikaweka kipande cha karatasi laini juu ya maungio, nikalenga gunia la mchanga. Nilipofyatua, karatasi ikaruka. Upepo ulikuwa unatorokea hapo. Nikachonga kijipete kipya kutoka kwenye kiatu kikuukuu, nikakipachika, nikajaribu tena. Karatasi ikatulia tuli. Nikapiga kelele za furaha, Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikalenga debe la maji kule mwisho wa ua.

*Pfu.* Kirisasi kikaanguka njiani kabla ya kulifikia, kama kile chako.

"Basi ugonjwa uko ndani zaidi," akasema Mama, akarudi kwenye ugali wake.

Ndani kuna ile springi, Baba, na springi ikifunguliwa ovyo inaweza kumtoboa mtu. Tukaipeleka kwa Bakari seremala, akaibana kwenye jiriwa yake, tukailegeza polepole. Pistoni ikatoka. Kichwani mwake ile ngozi ya duara, iliyopaswa kuwa laini na kutanuka kama kikombe, ilikuwa imekauka kama papa wa sokoni, na ukingo wake umemeguka. Nilipoigusa ikaacha unga vidoleni. Kumbe bunduki haikuzeeka. Ni ngozi tu iliyokuwa imekwisha.

Nikapata kipande kwa fundi viatu. Nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikakisukumia ndani ya kipande cha bomba kwa kigogo alichonichongea Bakari, nikakiacha kikauke kikiwa na umbo la kikombe. Cha kwanza kilikuwa kinene, pistoni ikagoma kuingia. Nikaanza upya na ngozi nyembamba, nikaisugua kwa msasa mpaka ikateleza ndani ya silinda bila kulegea. Kisha nikaipaka mafuta. Nikayazidisha, Baba.

Asubuhi iliyofuata tulipanda dunguni, mimi nikimsukuma Mama kwa nyuma. Ngedere walikuwa wameshajaa. Nikafyatua. Ukalia mlipuko ambao hujawahi kuusikia kwenye bunduki ile, moshi ukatoka mtutuni, khanga ya Mama ikaanguka chini, na ngedere wakakimbia kabla hata debe halijalia. "Umetengeneza mzinga!" Mama akapiga kelele. Mafuta yalikuwa yanaungua ndani. Baada ya kuipiga mara kadhaa moshi ukaisha, na debe likaanza kulia *ngaa*, kavu, safi, kila tulipolilenga. Mama akaninyang'anya bunduki na hakunirudishia mpaka jua lilipokuwa kali.

Pale ndipo nilipokukosa sana, Baba. Niligeuka nikuambie, nikaona nafasi tupu ubavuni mwangu. Nililia kidogo, Mama akalenga tena ili anipe muda.

Mavuno yalipofika, Mjomba akaja na pikapu kuchukua vyombo vya Mama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Dada yuko wapi?" Nikamwonyesha dunguni. Akapanda kumshusha, akabaki huko huko. Nikasikia, "Hebu nami nijaribu." Akakosa. Akakosa tena. "Hamisi," Mama akasema, "unafumba jicho silo." Waligombania bunduki kama watoto mpaka adhana ya alasiri.

Aliposhuka hakuulizia vyombo. Mama alimjazia pikapu kwa magunia ya mahindi, akamwambia, "Mpelekee wifi yangu. Mwambie nitakuja kumsalimia nikipata nafasi."

Mimi nimerudi Kilwa kushona sare zangu za shule. Goti la Mama linaendelea vizuri, maana sasa linapumzika dunguni. Nawe pumzika, Baba, Mola akupanulie kaburi lako. Hapa duniani tunacheka. Mjomba ananipigia simu kila wiki, na hata salamu haimalizi. Anauliza tu, "Ngedere wameshuka?"

Binti yako,
Rehema