Gitaa la Nyuzi Sita na Jibu la Ami

Tanga

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kikohozi cha Baba kimepungua. Mimi sijambo, isipokuwa vidole, na vidole ndiyo habari yenyewe.

Umeniuliza kama nitarudi Pemba kabla ya karafuu kuiva ili nimuoe Zuwena, maana ami yetu amechoka kungoja jibu kwa ajili ya binti yake. Jibu langu limekwama kwenye gitaa.

Mchana nabeba mkonge gatini kama zamani. Jumamosi napiga besi katika chama chetu cha dansi. Besi yetu ni sanduku la chai lililochomekwa mti na kufungwa kamba moja, nayo hukata ngozi. Sasa baharia mmoja amemwachia fundi redio wa hapa mtaani gitaa la besi lenye nyuzi sita. Fundi yuko tayari kuniuzia. Fedha ninayo, lakini ndiyo ile ya mahari.

Nimelipima sana. Sauti yake ni nzito, na vidole vitapona. Lakini linataka umeme, na kwenye mashamba ya mkonge tunakoitwa harusini umeme hakuna. Huko kwetu ndiyo kabisa, litakuwa pambo la ukutani. Tena mpiga besi hatuzwi. Juzi kina mama walinipita na shilingi mkononi wakienda kumtuza mwimbaji, na mmoja akaniomba nisogeze mguu.

Kuna na hili la chama. Vyombo vyote ni vya chama. Anayetoka hutoka na mikono yake tu. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kibondei asiye na maneno mengi, aliposikia nataka kununua changu aliniuliza, "Wataka kutuhama?"

Nikamjibu, "Sihami, mzee. Nataka kukaa."

Nilishtuka kujisikia nikisema hivyo, kwani kwenu nilikuwa nimeandika kwamba niko njiani kurudi.

Kesho yake fundi aliniruhusu kulijaribu. Nilikaa nalo mpaka akaanza kufunga duka. Dada, muda wote ule sikumkumbuka Zuwena hata mara moja. Niliona furaha, kisha nikaona haya. Hana kosa lolote, ni msichana mwema, na uzuri wake naujua. Lakini mume wa namna yangu atamfaa nini?

Basi nitalinunua. Mwambie ami kwa upole kwamba akitokea mwenye kumtaka, asimzuie kwa ajili yangu. Baba atakasirika, na ana haki. Mwache kwanza amalize, ndipo umwambie kwamba dawa yake ya kikohozi nitaendelea kuituma.

Nisalimie Baba, shemeji yangu mumeo, bibi mzaa mama, shangazi mfinyanzi na wanao wote. Zuwena usimpe salamu zangu. Akizipata atangoja.

Ndimi mdogo wako,
Mbaruku