Maharage Mekundu Kikapuni

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Maji ya ndoo yanauma vidole. Nimechambua maharage mekundu, nimeyaloweka. Makala, mkaa wetu wa kupikia, yamepanda bei tena. Nikiendelea kuyachoma hivi, kibanda changu cha chakula hapa Musonoi kitafungwa kabla ya mvua.

Dada yangu Charlotte amekuja kutoka Mutoshi na kikapu chake, kimejaa vitambaa na blanketi kuukuu. Sufuria ikishapata moto unaizika humo, inamalizia kuiva yenyewe. Alikuwa bado anaeleza nikamkatiza, nimeelewa, nimeelewa. Mimi na maelezo marefu hatupatani.

Jumanne, 4 Juni

Kikapu kimefanya kazi! Sufuria ilipoanza kutoa mvuke niliiepua, nikaifunika blanketi, nikaenda sokoni. Mchana maharage yalikuwa laini, ila magumu kidogo katikati. Mawese na vitunguu vimeficha aibu. Wachimbaji wamekula, wamerudi shimoni. Makala yamebaki mengi. Nimefurahi kupita kiasi.

Mimi nilikula sombe ya jana. Majani ya muhogo hayatupwi.

Jumatano, 5 Juni

Mabaya. Waliokula kwangu jana wametapika, wote. Tata Kalenga ndiye aliyezidiwa, mzee aliyekuwa mteja wangu wa kwanza nilipofungua. Wamempeleka zahanati kwa pikipiki.

Leo hakuna aliyekuja kula. Amekuja mke wa Kalenga tu, akasimama mbele ya kibanda majirani wote wasikie: «Mama Bea, ulitia nini mu maharagi? Bwana yangu alitapika usiku muzima!»

Wengine wanalaumu maji, eti ni uchafu wa mgodi kutoka Kingamyambo. Nilitamani sana yawe maji. Lakini maji hayohayo nimeyanywa, na mimi ni mzima.

Ninaogopa. Kalenga akifa, nitaitwa mchawi hadi kaburini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda zahanati. Muuguzi Justin hakunigombeza. Aliuliza: «Mama, ile maharagi ilitokota kweli, ao ilipata moto tu?»

Nikasema niliiepua ilipoanza kutoa mvuke. Akajua.

Kumbe maharage mekundu yana protini ya kujilinda, ili yasiliwe hovyo. Inashika ukuta wa utumbo, na tumbo linakataa kila kitu. Maji yakitokota kwa nguvu, na kwa muda wa kutosha, yanaiharibu. Uvuguvugu hauifanyi kitu, tena unaweza kuizidishia ukali. Na maji ya kuloweka yamwagwe. Kwa hiyo si uchawi, wala si Kingamyambo. Ni mimi na haraka yangu.

Kalenga hatakufa. Anakunywa uji. Nimelia palepale, kwa aibu na kwa furaha. Nilimweleza Kalenga yote, nikamwomba msamaha. Akageukia ukuta.

Nimempigia Charlotte simu. Amecheka kwanza, kisha akasema: «Nilikuwa nakwambia itokote kwanza! We ukasema umeelewa.» Kweli alikuwa anasema. Nimemkasirikia kwa sababu hana kosa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepika nje, mbele ya watu. Kila aliyepita nimemweleza kosa langu, hata wasiouliza. Sufuria imetokota mpaka kifuniko kikarukaruka, nami sikuondoka. Baadaye ndipo nikaizika kikapuni. Kikapu hakina kosa.

Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, watu waone hakuna sumu. Sikuonja, nilikula sahani nzima. Mchimbaji mmoja akawaambia wenzake: «Tungoje kwanza. Tuone kama mama atatapika.»

Wakakaa wakinitazama, mimi katikati kama bibi arusi. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi, kutongoja ndiko kulikoyaumiza matumbo ya watu. Nikatulia, wanitazame.

Mwishowe njaa ikawashinda wachache. Wamekula. Benchi la Kalenga lilibaki tupu, na liliniuma kuliko yote.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna aliyetapika. Nimeimba kanisani kwa sauti mbaya.

Jumanne, 11 Juni

Baridi imelegea. Wateja zaidi ya nusu wamerudi.

Mchana amekuja Tata Kalenga. Amekonda, shati limemzidi. Hakunisalimia, ameketi kwenye benchi lake. Nikamwekea maharage, nikarudi jikoni kuchukua kijiko changu, nimwonjee.

Niliporudi alikuwa ameshaanza kula.