Wameachana, lakini kwa ajili yangu wanajifanya mume na mke

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa jikoni kwa watu, wenye nyumba wamekwenda kununua samaki nami nimesingizia goti, kwa hiyo unisamehe mwandiko, nikimaliza nitaupiga picha nikutumie kwa simu, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu Jumatatu na leo ni Jumatano.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, naishi Kef huko milimani, na kila likizo ya baridi kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikishuka pwani, Kelibia, kwa rafiki yangu, nimwite Monjia, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, na mumewe, nimwite Hedi. Marehemu mume wangu alipokuwa hai tulikuja sote, alipofariki nikadhani safari zimekwisha, lakini Hedi mwenyewe alipanda mpaka Kef, akanibebea mkoba, akaniambia, "Shemeji, kitanda chako hakijapewa mtu," na tangu hapo sijakosa hata mwaka mmoja.

Mwaka huu walinipokea wote wawili mlangoni, kuskusi ya samaki tayari, jiko la makaa limewashwa, nikalala na Monjia chumbani tukipiga soga kama kawaida yetu tangu nifiwe, na Hedi akajilaza sebuleni, nami sikuona kitu, ila asubuhi aliuliza sukari iko wapi na Monjia akamjibu haraka haraka, "Pale pale inapokaa siku zote, bwana wee," nikacheka, nikasema wanaume ndivyo walivyo.

Jumatatu nikaenda kununua mkate. Mke wa muuza mkate ananifahamu, akaniambia, "Mungu akulipe, dada. Umewapatanisha."

"Nimewapatanisha akina nani?"

"Hedi na Monjia, nani tena? Si walipeana talaka tangu Mei? Mwanamume yuko kwa dada yake kule bandarini. Juzi nimemwona anapita na sanduku la nguo, nikasema afadhali, amerudi kwake."

Nikamuuliza kisa ni nini, kama vile namuuliza bei ya mkate. "Kisa ni yule mdogo wake Hedi," akasema. "Hedi alimleta na mke na watoto wanne wakae pale bila kumuuliza Monjia hata neno. Miaka miwili. Walipohama, Monjia akamwambia mumewe awafuate."

Mshauri, hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu hao watoto wanne nawajua, misimu miwili walilala miguuni pangu, nami mbele ya Monjia nilimsifu Hedi kwa ukarimu, nikamwambia shoga yangu una bahati ya mume, naye alikuwa akiosha sahani akaendelea kuosha, na sikumuuliza lolote.

Nilirudi na mikate mitatu na sikusema. Jana tufani ya bahari ikapiga, paa likavuja juu ya kichwa cha Hedi, akapanda na ndoo ya lami kwenye mvua ile ile, Monjia chini ameshika ngazi.

"Shuka, mzee, utavunjika shingo na mimi sina nguvu za kukuuguza."

"Nani kakuomba uniuguze? Shika ngazi."

"Ngazi nimeshika. Akili yako ndiyo sijui imeshikwa na nani."

Hedi akateleza, hakuumia, ila ndoo ilipinduka na lami ikamwagikia viatu vyake, na Monjia akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji, na Hedi kule juu akamtazama, akasahau kwamba ananyeshewa.

Leo alfajiri wakidhani nimelala nikawasikia. Monjia anasema, "Ijumaa akiondoka, na wewe chukua koti lako." Hedi akamjibu kwamba hatalisahau, kisha akaongeza, "Mwambie akae wiki nyingine. Kef kuna theluji."

"Mwambie mwenyewe."

"Wewe ndiye rafiki yake."

Na kweli, kwenye chai Monjia, bila kunitazama, akasema, "Saluha, si ukae mpaka theluji ipungue?" Sasa nifanye nini, nikae ili wazidi kuzoeana tena, au niseme najua, na nikisema nitakuja kwa nani msimu ujao, maana nyumba hii ndiyo baridi yangu yote, sina nyingine. Majina si yetu ya kweli.

Mgeni wa kila mwaka

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, nilikujibu kwa simu jioni ile ile kwa sababu Ijumaa haingojei gazeti. Nachapa hapa, kwa idhini yako, yale niliyokuambia.

Kwanza pole. Watu wawili walioumizana wamekubali kukaa chini ya paa moja linalovuja ili wewe usikose likizo yako. Wengi hufa hawajapendwa hivyo. Lakini wewe umejua tangu Jumatatu na unaendelea kuwaacha waigize. Hiyo si huruma, ni woga. Unaogopea kitanda chako. Sema hivyo na tuendelee.

Usikae. Ondoka Ijumaa. Kucheka kwenye mvua ni jambo zuri, ila si ndoa. Shida ya Hedi unaijua: haulizi. Aliwaleta watu nyumbani hakuuliza, na sasa anataka kurudi kwake, bado haulizi, anakutanguliza wewe na theluji. Ukikubali kubaki utakuwa umemsaidia tena asiulize, kama ulivyomsaidia ulipomsifu. Kamwombe Monjia radhi kwa hilo. Mwambie unajua, mkiwa wawili, kabla hujafunga mkoba. Usiwapatanishe, usiwahubirie. Na msimu ujao wewe uwe mwenyeji. Waalike Kef, kila mmoja kwa jina lake, aje anayetaka. Ukifika kwako piga simu mbili, si moja.

Hayo ndiyo niliyokuambia, ukalia, kisha ukakata simu.

Wiki iliyopita ulinipigia. Monjia, ulisema, alikaa juu ya mkoba wako, kisha akauliza, "Tangu lini?" Ukamjibu tangu Jumatatu. "Na kuskusi yangu ukaila vilevile?" "Mpaka punje ya mwisho." Mkakumbatiana. Ulipomwomba radhi alisema alingoja miaka miwili mtu amuulize kama amechoka.

Hedi alikupeleka kituoni na koti lake mkononi. Sasa huja Jumapili kumalizia paa. Umeniuliza kama hiyo ni dalili njema. Sijui, dada, na wewe hujui, usianze kushona nguo za harusi. Lakini Monjia amekuambia kwamba ufunguo wa zamani Hedi bado anao, na siku hizi hautumii. Anabisha, anauliza kama anaweza kuingia, anasimama nje mpaka aambiwe karibu. Jumapili mbili ameambiwa. Ile ya tatu aliambiwa rudi wiki ijayo, akasema sawa, akaenda zake, na wiki iliyofuata akaja.