Skii za Katwe

Jumanne

…na hata nikijisukuma, haziendi. Leo nimesimama na skii zangu mpya miguuni kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba kama nguzo ya umeme, jirani yangu Mama Furaha akinitazama kutoka barazani.

"Mwalimu, unangoja nani hapo?"

"Najifunza kuteleza kwenye theluji."

"Aa! Mbuzi yangu inashuka hapo kila siku, na haina viatu!"

Nikampigia fundi Baraka. Juzi nilikaa karakanani kwake Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma, saa nzima nikimfafanulia theluji, baridi na milima ya Uswisi. Alisikiliza kwa adabu, akanichomelea skii za bati lenye vinundu, lile la kukanyagia kwenye ngazi.

"Mzee, vinundu niliweka ili usiteleze."

Simlaumu. Miaka yote ya ualimu, nami nimesahau kutaja jambo lenyewe.

Mjukuu wangu Nia ananingoja Uswisi mwezi ujao tushuke mlima pamoja. Naogopa goti langu. Naogopa zaidi kuketishwa mkahawani na blanketi, nimtazame kupitia dirisha.

Kesho narudi Katwe. Nitasema sentensi moja tu: Baraka, nataka kuteleza.